Jua Kwenye Kiti cha Mgeni Rasmi

Kila asubuhi kabla ya kazi, mkunga wa zahanati alipangusa tochi kwa pamba yenye spiriti, akaanza na kioo na kumalizia na mkia, pale pa kushikia kwa meno. Mkia ulikuwa umezungushiwa plasta, na plasta ilikuwa na alama za meno yake ya juu na ya chini, kama penseli ya mwanafunzi wakati wa mtihani. Akishamaliza aliivaa shingoni kwa kipande cha bendeji, akafunga aproni, akaingia chumba cha kujifungulia. Chumba kile kilikuwa na giza hata mchana.

Mtaani walimwita Mama Tochi. Miaka yote alizalisha hivyo, mikono kazini na tochi mdomoni, na kwa kuwa mtu mwenye tochi mdomoni hawezi kusema, alikuwa na lugha yake. "Mm" fupi ilikuwa sukuma. "Mm-mm" ilikuwa ngoja kwanza. "Mmmh" ndefu ilikuwa yamekwisha, mshukuru Mungu. Wajawazito walifundishwa lugha hiyo siku za kliniki, pamoja na habari za kula mboga za majani. Kulikuwa na utani kwamba watoto wa zahanati ile huchelewa kusema "mama" kwa sababu "mm" wamezaliwa nayo. Mkunga hakuupenda utani huo.

Hakuupenda kwa sababu ya binti yake. Mwaka uliotangulia, binti alijifungulia chumbani humo mtoto wake wa kwanza, wa kiume. Tochi humulika mahali pamoja tu: ukiielekeza mkononi, shingo iko gizani. Kitovu kilikuwa kimemzunguka mtoto shingoni, na mkunga alikuja kukiona wakati hakuna tena la kufanya. Hata kumpa binti yake pole hakuweza, maana kondo la nyuma lilikuwa bado na tochi ilibidi ikae mdomoni. Alipoitoa, binti alikuwa amekwisha kujua mwenyewe, amegeukia ukutani. Hilo lilimuuma mkunga kuliko yote, na lilikuwa halijaacha kumuuma. Sasa binti alikuwa mjamzito tena, tumbo limepanda hadi mbavuni, na mkunga alitaka kitu kimoja tu duniani: balbu moja chumbani mle kabla siku ya binti haijafika.

Kwa hiyo serikali ilipotangaza kwamba taifa zima linahamia kwenye nishati jadidifu, yeye alikuwa miongoni mwa wachache waliopiga makofi bila kuangaliwa. Neno "jadidifu" liliwashinda wengi kulitamka, akiwemo mheshimiwa aliyelitangaza, lakini maana yake ilieleweka: umeme wa jua. Zahanati ikachaguliwa kuwa ya mfano. Kwanza waliondoa uchafu wa zamani, yaani jenereta, ambayo iliwashwa wakaguzi walipokuja tu, kwa kuwa siku nyingine dizeli yake ilikuwa safarini ndani ya magari ya wakaguzi haohao. Jenereta ilipandishwa kwenye lori ikiwa na shada la maua, na watu wakapita kwa mstari kuiaga. Wawili walilia, mmoja wao kwa dhati.

Kisha kikajengwa chumba cha betri. Kilijengwa kikiegemea zahanati ili kuokoa ukuta mmoja, na ukuta waliouokoa ndio uliokuwa na dirisha pekee la chumba cha kujifungulia. Lilikuwa dirisha dogo lisilosaidia sana, lakini lilikuwa dirisha. Likazibwa. Mkunga alipouliza, aliambiwa asiwe na wasiwasi, kwani palipo na umeme dirisha ni la nini.

Afisa itifaki wa wizara alifika siku moja kabla ya uzinduzi. Watu walimwita Bwana Ratiba, kwa sababu hakupenda kitu duniani kama ratiba, ingawa hakuna ratiba yake iliyowahi kufuatwa. Alichagua mahali pa jukwaa: nyuma ya zahanati, chini ya ukuta wa ghala, pembe ambayo haikuwahi kuona jua tangu ghala lijengwe. Hapo mheshimiwa hataungua. Kisha akakaa kwenye kiti cha mgeni rasmi, kiti kikubwa cha ngozi chenye kitambaa cheupe pa kuegemeza kichwa, ili aone atakachokiona mheshimiwa. Alichokiona juu ya paa ni migongo ya paneli.

"Fundi," akaita. "Hizi paneli zinampa Mheshimiwa kisogo."

Fundi umeme alikuwa amechuchumaa juu ya bati. "Zinaelekea jua, bosi."

"Sijakuuliza zinaelekea wapi. Nakwambia zinampa nani kisogo."

"Nikizigeuza huko zitakuwa kivulini siku nzima."

"Kwani kesho mgeni rasmi nani? Jua?"

Fundi alifikiri. Alikuwa ameomba uhamisho kwenda karibu na mkewe, na ombi lake lilikuwa bado limelala wizarani.

"Usihofu," Bwana Ratiba akasema kwa upole. "Jua litazoea."

Fundi akachukua spana akazigeuza zote.

Uzinduzi ulifana. Mheshimiwa alikata utepe, akabonyeza kitufe ambacho hakikuunganishwa na chochote, vigelegele vikapigwa. Alizindua pia bango kubwa mbele ya zahanati, lenye picha yake akiwa amebeba mtoto mchanga wa mahali pengine, na maneno HAKUNA MAMA ATAKAYEJIFUNGUA GIZANI. Waya wa kwanza kutoka chumba cha betri ulikwenda kwenye bango. Waya wa chumba cha kujifungulia ulikuwa wa awamu ya pili. Jioni viti vyote vilipakiwa, isipokuwa kile kikubwa, ambacho kilikuja na gari lake maalumu, na gari hilo lilikuwa limekwisha kuondoka na mheshimiwa. Kikabaki chini ya ukuta pamoja na kitambaa chake, kijimeza chake, maua yake ya plastiki na chupa ya maji isiyofunguliwa.

Kwa siku kadhaa paneli hazikutoa kitu. Halafu jua likazoea.

Ilikuwa alasiri. Jua liliacha njia yake juu ya paa la soko, likateremka taratibu kati ya tangi la maji na mnara wa simu, likafika getini. Mlinzi aliliuliza linakwenda kwa nani. Halikujibu. Wageni wakubwa hawajibu walinzi, kwa hiyo akafungua geti lote, akapiga saluti, akahamisha benchi lake kwa sababu ya joto. Jua likazunguka nyuma ya zahanati, likatazama paneli zimeelekea wapi, likatazama kiti, likakaa. Kwa karibu si kubwa kama watu wanavyodhani. Lilijaa kwenye kiti na kubakiza nafasi ya kuwekea mkono.

"Aliye juu mngoje chini," alisema mlinzi, akarudi kwenye gazeti lake.

Fundi alikwenda kutazama mita katika chumba cha betri. "Zinachaji," akasema, akafunga mlango.

Tangu hapo jua lilikuja kila alasiri na kukaa hadi jioni. Mitaa ya mbali ilisema siku hizi baada ya chakula cha mchana kunakuwa na mawingu, lakini watu hawana muda wa kufuatilia mambo ya angani. Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe: siku ya tatu wanawake wa mtaa walikuwa wamefunga kamba ya nguo mbele ya kiti, na muuza chai alikuwa ameegesha birika karibu na mguu wa kulia. Kelele zilitokea mara moja tu, mama mmoja alipolalamika kwamba shuka zake zimeungua pindo, akaambiwa amezitundika mbele mno kwa tamaa.

Bango likawaka usiku na mchana. Kwa kuwa ndicho kitu pekee mtaani kilichokuwa na umeme, na umeme wake wote ulitoka kwa jua, wizara ilitangaza kwamba eneo lile limefikia asilimia mia moja ya nishati safi, la kwanza nchini. Betri zilijaa zikapitiliza. Ukiegemeza sikio kwenye lile dirisha lililozibwa ulisikia umeme ukikoroma upande wa pili. Mkunga aliegemeza sikio mara nyingi, hasa siku za kliniki, binti yake akiwa kwenye foleni na wajawazito wenzake.

"Waya mmoja tu," alimwambia fundi. "Ukuta ni huu huu. Unatoboa tundu, unapitisha waya, unafunga balbu. Nitakushikia ngazi mwenyewe."

"Mama, kutoboa ni dakika tano," fundi akasema. "Lakini tundu hilo ni la awamu ya pili. Nikilitoboa leo, awamu ya pili itatoboa nini?"

"Binti yangu hatangoja awamu."

"Najua, mama." Alikuwa akitazama chini, na haya alikuwa nayo. "Nenda wizarani. Wakisema ndiyo, narudi na dreli siku hiyohiyo."

Akaenda. Ofisi ya Bwana Ratiba ilikuwa mwisho wa korido ndefu yenye mabango ya kuhimiza watu wazime taa, chini ya taa zilizowaka. Ndani kulikuwa na baridi ya kiyoyozi, na Bwana Ratiba alikuwa amevaa sweta. Alimkaribisha vizuri, akamsikiliza hadi mwisho. Hakuwa mtu mbaya.

"Mama, tuelewane," akasema. "Awamu ya pili ipo, fedha zake zipo, balbu zipo. Tatizo haijazinduliwa."

"Basi izindueni."

"Na nani? Lazima mgeni rasmi aje. Akija, akae wapi? Nasikia kiti kimekaliwa."

"Leteni kingine. Zahanati ina mabenchi."

Bwana Ratiba alimtazama kwa huruma, kama mtu anayemtazama mgonjwa asiyejua anaumwa nini. "Kiti kingine ni kiti tu, mama. Kile ndicho kiti cha mgeni rasmi." Kisha akainamia meza. "Hebu niambie. Hilo jua lilipokaa, kile kitambaa cheupe lilikiondoa?"

"Halikukiondoa. Kimeungua chenyewe."

"Ahaa," akasema Bwana Ratiba, akaandika mahali.

Alifika zahanati siku iliyofuata kuamua jambo lile. Alisimama kwa heshima umbali wa kutosha, akalitazama jua kupitia miwani ya giza, akawaza nani yuko juu ya nani. Uamuzi wake ulikuwa huu: anayekaa kwenye kiti cha mgeni rasmi ndiye mgeni rasmi. Kwa hiyo kamba za nguo zikafunguliwa, birika la chai likaondolewa, na pakaletwa kitambaa kipya, chupa mpya ya maji na kwaya. Kitambaa kikaungua na maji yakachemka. Kwaya iliimba ikiwa imegeuza uso pembeni.

Kilichobaki kikawa adabu. Jua lilikuwa likija kila siku kwa wakati uleule, tena peke yake, na jambo hilo lilimtia Bwana Ratiba aibu. Akalieleza, kwa sauti ya chini, kwamba mgeni rasmi hawahi. Akiwahi, watu watadhani hana kazi. Jua likasikiliza. Kesho yake lilichelewa kidogo, keshokutwa likachelewa zaidi, na baada ya wiki moja watu walikuwa wakipangwa kwenye mistari tangu asubuhi kulingoja, na lenyewe likitokea karibu na magharibi, likikaa kidogo na kuondoka kabla ya neno la shukrani. Lilianza hata kunenepa. Ile nafasi ya kuwekea mkono ikaisha.

Mkunga alijaribu bahati yake kabla mambo hayajawa mabaya zaidi. Siku moja alipita katikati ya kwaya, akasimama mbele ya kiti hadi nyusi zikaanza kunuka.

"Shikamoo," akasema, kwa kuwa jua ni kubwa kwake kwa umri.

Jua halikuitika.

"Chumba chenyewe kile pale. Mlango wa pili. Ungesogea ukae karibu na mlango tu, hata kama si kuingia. Mwanangu yuko mwezi wa tisa."

Jua liliendelea kutazama paneli. Bwana Ratiba akamshika mkunga kiwiko, akamwongoza pembeni, akamweleza kwamba chumba cha kujifungulia hakimo katika ziara. Mkunga alirudi ndani, akanawa uso, akaitafuna plasta ya tochi kwa hasira hadi akaikata.

Siku ya binti ilifika Alhamisi. Uchungu ulimshika tangu alfajiri. Alikuja zahanati kwa miguu, ameshika kiuno, na mama yake akamlaza chumbani na kufunga mlango. Nje kwaya ilikuwa imekwisha kujipanga. Saa nne, jua halijaja. Saa nane, halijaja. Siku ile halikuonekana hata huko juu, na mchana ukawa na rangi ya maji yaliyooshewa mchele. Bwana Ratiba aliangalia saa, akaangalia geti, akaituma kwaya iimbe tena ule wimbo wa mwanzo.

Saa kumi jua likatuma mwakilishi. Mwezi uliingia getini peke yake, mnyonge, ukiwa bado na usingizi. Mlinzi akauuliza unakwenda kwa nani, nao ukamjibu vizuri, kwa hiyo akafungua mlango mdogo tu. Bwana Ratiba alishika kipaza sauti.

"Mheshimiwa Jua alipenda sana kuwa nasi leo," akatangaza, "lakini kutokana na majukumu mengine ya kitaifa, hakuweza. Amemtuma Mwezi amwakilishe. Tumpokee kwa makofi."

Watu wakapiga makofi ya mwakilishi, yale ya vidole. Mwezi ulikaa kwenye ukingo wa kiti, kama wakaavyo wawakilishi wote, na kuanza kungoja. Paneli hazikupata kitu kutoka kwake. Bango liliendelea kuwaka, kwani betri zilikuwa zimeshiba.

Ndani, mkunga alikuwa na tochi mdomoni. Aliona kichwa cha mtoto, mduara mmoja wa kichwa ndani ya mduara mmoja wa mwanga, na nje ya hapo hakuona kitu. Alimsikia binti yake akilia lakini hakujua uso wake uko upande gani. Akapeleka mwanga kushoto, akapeleka kulia. Aliogopa. Aliogopa kama mtu anayerudishwa kwenye nyumba iliyomuungulia. Akamwambia binti "mm-mm", akafungua mlango, akatoka nje na glavu zake za damu.

Kwaya ilinyamaza. Mkunga akaitoa tochi mdomoni.

"Wewe," akauambia mwezi. "Una shughuli?"

Mwezi ukamtazama Bwana Ratiba.

"Haiwezekani," Bwana Ratiba akasema. "Mwakilishi hawezi kuondoka kitini kabla ya neno la shukrani. Ratiba iko wazi."

"Basi asante," mkunga akauambia mwezi. "Tunakushukuru sana kwa kuja. Haya, inuka."

Neno la shukrani lilikuwa limetolewa, na hakuna aliyeweza kusema halikutolewa. Mwezi ukainuka. Mlango wa chumba ulikuwa mwembamba, basi mkunga aliubeba kama beseni la maji, tumboni, akaingia nao kiubavu. Ulikuwa baridi, na mzito kuliko unavyoonekana. Akaufunga kwa shuka, akautundika kwenye stendi ya dripu. Stendi ikapinda kidogo, ikakaa.

Chumba kizima kikaonekana. Mkunga aliona kuta, akaona zina ufa, akaona buibui. Aliona mikono ya binti ikiwa imeshika chuma cha kitanda. Na aliona uso wa binti yake, na hapo ndipo alipotambua kwamba miaka yote ile, watoto wote wale, hakuwahi hata mara moja kuona uso wa mama anayejifungua. Tochi siku zote ilikuwa upande mwingine.

"Mm," akasema.

"Mama," binti akasema, anahema. "Hunayo mdomoni. Sema."

Kweli, mdomo ulikuwa mtupu. Hakujua aufanyie nini. Akaona kitovu: kilikuwa kimezunguka shingo tena, vilevile, lakini safari hii kilikuwa kikionekana chote, kinang'aa, kipo pale kama kamba ya kiatu.

"Acha kusukuma," akasema. "Usisukume, mwanangu. Pumua. Nimekiona. Nakiona chote. Nipo hapa, mama, nipo, unanisikia? Mwaka jana sikukuambia kitu. Nilitaka kukuambia, sikuweza. Pumua. Pole, mwanangu. Pole sana. Haya, kimetoka. Sasa sukuma."

Binti akasukuma huku akilia, na sehemu ya kilio hicho ilikuwa ya mwaka uliopita. Mtoto akatoka, wa kike, akanyamaza kidogo kama anayesoma mazingira, kisha akapiga ukelele uliofika hadi kwenye kwaya. Kwaya ilidhani imepewa sauti, ikaanza wimbo.

Mkunga aliendelea kusema. Alisema huku akikata kitovu, akasema huku akingoja kondo la nyuma, akasema wakati wa kumfuta mtoto, maneno ya kawaida tu, kwamba ana masikio ya baba yake, kwamba kucha zake ndefu, kwamba chumba hiki kinahitaji kupakwa rangi. Binti alimwambia mara mbili apumzike na hakupumzika. Mwishowe aliuteremsha mwezi kutoka kwenye stendi, akaufuta damu pembeni kwa pamba yenye spiriti, akaurudisha kwenye kiti. Mwezi ulikaa tena kwenye ukingo.

Bwana Ratiba hakufurahi. Kiti cha mgeni rasmi kilikuwa kitupu wakati wa wimbo wa pili, na kwaya iliuimba wimbo mzima ikikiimbia kitambaa. Mwezi uliitwa wizarani kujieleza. Ulieleza ukweli, jambo lililouharibia zaidi. Adhabu yake ilikuwa kuhamishiwa zamu ya usiku moja kwa moja, na kwa kuwa zamu ya usiku ndiyo kazi yake tangu zamani, haukukata rufaa. Lakini usimtembelee mtu mchana, uliambiwa hivyo, wala usiingie majengo ya serikali.

Jua lilirudi wiki iliyofuata. Lilikuwa limechelewa na halikuuliza kitu.

Wizara nayo ilitoa taarifa. Ilisema kwamba katika zahanati ya mfano mtoto amezaliwa salama kwenye mwanga wa kutosha, mwanga uliotoka kwenye chanzo cha asili, kisicho na moshi, na kwamba kwa hiyo chumba cha kujifungulia kimekwisha kupata nishati jadidifu. Awamu ya pili ikahesabiwa kuwa imekamilika. Balbu zake zilipelekwa kwenye mabango ya wilaya nyingine. Fundi alipata uhamisho, akaja kuaga. Alimletea mkunga plasta mpya ya kuzungushia tochi, akasimama kidogo mbele ya lile dirisha lililozibwa, akaondoka.

Picha ya bango ikabadilishwa. Sasa mheshimiwa alikuwa amembeba mtoto wa binti, na safari hii mtoto alikuwa wa palepale. Walimwazima asubuhi moja wakamrudisha mchana, analia njaa.

Binti alimleta mtoto kupimwa uzito siku ya kliniki. Wakati mama yake akisoma mizani, mwanamke mwingine aliingizwa, ameshika kiuno, mumewe nyuma yake amebeba beseni. Jioni ilikuwa inakaribia, na nje jua lilikuwa limekwisha kukaa, likiimbiwa.

"Na mwezi?" binti akauliza.

"Uko zamu ya usiku," mkunga akasema. "Na hata usiku hauna pa kupitia."

Akampa binti mtoto wake. Akapangusa tochi kwa spiriti, kioo kwanza na mkia mwisho, akaingia chumbani, akafunga mlango. Upande wa pili wa ukuta umeme ulikuwa unakoroma. Mwanamke kitandani akauliza kwa woga kama kila kitu kiko sawa, kama mtoto anaonekana, akaomba aambiwe neno lolote.

Mkunga alikuwa nayo maneno mengi. Akaiuma tochi.

"Mm," akasema.